Nyigu Mwenye Aproni Yangu

Kuna dubwana kwenye simu za watu wengi lenye sura yangu.

Sitanii. Lina aproni yangu, lina maneno yangu, na mkononi lina kovu la kuungua kama hili ninalolitazama sasa hivi ninapoandika.

Watu hulipiga mpaka linalia. Halafu wanacheka.

Kaeni mnisikilize, maana inawezekana hata wewe unayesoma umeshalipiga, na hukujua unampiga nani.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kuchapisha vitabu vya shule na kalenda. Mimi niko meza ya gundi. Karatasi zikitoka kwenye mashine zinakuja kwangu, nazibana, nazipaka, nazikata kingo. Kwa kuwa mdomo wangu haujui kupanga foleni, wenzangu walinipa jina: Bosi wa Gundi.

Ubosi wenyewe ni utani. Cheo sina.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mimi, mume wangu, na wifi yangu.

Mume wangu kila mtu anamwita Mpole. Kazi yake ni kusoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, na mchana akishamaliza mtaa wake anarudi zake nyumbani. Hajawahi kunipandishia sauti. Nikifoka, anaitazama sahani. Nikimaliza, anasema, "Pole, mke wangu. Umechoka."

Shoga zangu walikuwa wakiniambia, "Umeokota malaika wewe. Mwache apumue."

Wifi ndiye aliyekuwa moto wenyewe.

Ni dada yake mkubwa. Mama yao alifariki mapema, kwa hiyo yeye ndiye aliyemlea Mpole, akamwogesha, akamsomesha. Alikuwa mchoraji wa matangazo kwenye kampuni moja. Kampuni ikapunguza watu, naye akapunguzwa, akaja kukaa kwetu "kwa muda tu." Wiki ileile aliyohamia, na kompyuta ikaingia chumbani kwake, dude zima na feni zake.

Muda tu ukawa muda wote.

Hatukupatana tangu siku ya kwanza. Alionja mchuzi wangu akasema chumvi ile ni ya kukaushia samaki. Nikamwambia jiko halina kufuli, apike mwenyewe. Akapika. Akamaliza mafuta ya wiki nzima kwa siku moja.

Nikamkatia intaneti.

Nilibadili neno la siri, nikanyamaza kama maji mtungini. Jioni akaja sebuleni. "Wifi, mbona wifi haishiki?"

"Wifi ipi? Ya ukutani au ya chumbani? Maana zote mbili nyumba hii hazishiki."

Mpole alicheka mpaka akapaliwa na chai. Wifi hakucheka. Alinitazama vile mtu anavyotazama doa kwenye shuka, akarudi chumbani kwake.

Ndivyo tulivyoishi. Vita vya vijiko.

Sasa mchezo.

Wa rika langu mnaukumbuka ule wa zamani. Unatembea porini, unakutana na vidubwana, unavipiga kidogo, unavinasa, unavifuga, vinakua, unakwenda kuvipambanisha na vya wenzako. Mimi niliucheza utotoni kwenye kimashine cha kijivu cha kaka yangu. Tulicheza kwa zamu, na zamu yangu ilikuwa betri ikikaribia kukata roho.

Ulikuwa mtamu, ila ulikuwa wa watu wengine. Theluji ya watu wengine, treni za watu wengine, majina yanayokwama kwenye meno.

Siku moja kazini, fundi wetu wa mashine, tunayemwita Gia, akanijia na mikono yake ya wino.

"Bosi, lete simu. Kuna mtu kausuka upya ule mchezo wa vidubwana."

"Kampuni yenyewe?"

"Wapi! Mtu tu. Shabiki kama mimi na wewe. Kaukalia, kauchora, anaugawa bure."

Nilipoufungua, dubwana la kwanza lilinitokea kwenye uchochoro wenye maji ya kufulia. Sufukobe. Kobe mwenye gamba la sufuria, akitembea mfuniko unagonga. Likasimama mbele yangu likasema, "Habari za kutwa?"

Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jamani, ule mchezo! Kulikuwa na Mwavupopo, popo ambaye mbawa zake ni mwavuli uliovunjika njiti moja, akiruka anapinda upande. Kulikuwa na Kufulimbwa, mbwa mwenye kufuli shingoni, analinda mlango usio na nyumba. Ukiingia dukani bila kumwamkia mama muuzaji, hakuuzii kitu, na anakusema kwa majirani. Ukishindwa, hawakuandikii kwamba umeshindwa. Wanakuandikia, "Pole. Kesho nayo ni siku."

Kiwanda kizima tukadata. Mapumziko ya chakula watu hawali, wananasa.

Gia ndiye aliyelisema vizuri. "Ule wa kampuni umetengenezwa na watu wanaoijua kazi," alisema. "Huu umetengenezwa na mtu anayetujua sisi."

Mtengenezaji alijiita Mfugaji. Hakuweka picha, hakusema anakaa wapi. Kwenye ukurasa wa mchezo watu walimmwagia baraka kama bwana harusi. Hata mimi, kwa jina la bandia, nikamwandikia: "Mfugaji, yeyote uliye, Mungu akuzidishie. Umenirudishia utoto wangu."

Akanijibu mwenyewe. "Asante sana, dada. Endelea kutembea. Kuna mengi mbele."

Nilitembea na jibu lile moyoni siku nzima. Hata wifi nilimsalimia.

Siku iliyofuata, saa ya chakula kazini, nikaendelea mbele, kama nilivyoambiwa.

Nikafika mtaa wenye geti la kijani. Nikaingia. Ukumbi mdogo, halafu jiko.

Nikasimamisha kijiko hewani.

Jiko lilikuwa langu. Bomba limefungwa kipande cha mpira wa baiskeli, kama nilivyolifunga mimi. Kigae cha tatu kutoka mlangoni kimepasuka pembe. Ukutani kalenda imegeuzwa, kwa sababu ile tuliyopewa kazini ilikuwa na makosa ya chapa, nami naichukia, nikaigeuza uso ukutani.

Nani mwingine duniani ametundika kalenda akaigeuza?

Katikati ya jiko kulikuwa na nyigu mkubwa, kavaa aproni yangu ya maua. Ana mikono minane. Mmoja una kovu.

Jina likajiandika: NYIGUBU. Nyigu mwenye gubu. Haridhiki, hachoki, hanyamazi.

Nyigu akafungua mdomo. "Kwani mimi nimeota mikono minane?"

Maneno yale siyasemi kazini. Nayasema nyumbani tu, nikiwa na sufuria mkono huu na ufagio mkono ule, na watu wazima wawili wamekaa.

Nikapigana naye. Sufukobe wangu akafa. Mwavupopo akafa. Nyigubu akanimaliza wote. Nikashindwa na mimi mwenyewe.

Gia akachungulia begani. "Ahaa, umefika kwa Nyigubu! Hilo ni noma, Bosi. Wote tumekwama hapo. Lakini ukilishinda... we acha tu, kuna raha yake. Unajisikia umemlipa kisasi kila mtu aliyewahi kukukaripia."

Hajawahi kufika jikoni kwangu. Hakujua anachokisema.

Nikarudi kusoma ukurasani. Watu wameandika mamia ya maneno. "Nyigubu amezidi kelele, nampiga hata kama sina shida naye." "Huyu ni mama mkwe wangu kabisa." "Mfugaji, umemtoa wapi kiumbe huyu?"

Na Mfugaji akajibu: "Nakaa naye."

Hasira iliyonipanda sina kipimo chake. Niliomba ruhusa, nikatoka kiwandani na gundi mikononi. Anayekaa nami ni nani? Anayejua kuchora ni nani? Anayejifungia na kompyuta kutwa nzima ni nani?

Nilisukuma mlango wa wifi bila kubisha.

"Wifi. Mimi ni nyigu?"

Mtu asiyejua angeuliza, nyigu gani? Yeye hakuuliza. Alipauka, akaweka chini nguo aliyokuwa akiikunja.

"Nani kakuonyesha?" akasema.

"Kwa hiyo ni kweli!"

"Wifi, nisikilize..."

"Nikusikilize nini? Nakulisha, nakufulia shuka, unanichora nyigu dunia nzima inanipiga!"

Mpole akatokea kutoka ukumbini na kikombe chake. "Jamani, jamani. Ni mchezo tu."

"Wewe nyamaza! Huyu dada yako ni nyoka!"

Akaangalia kikombe. Wifi akamwangalia yeye, muda mrefu, kama anayesubiri mtu amalizie sentensi. Mpole hakumalizia chochote.

Nami sikuwa mtu wa kuishia kwenye kelele.

Michezo hii ya mashabiki ina udhaifu mmoja. Mwenye mchezo wa asili akikasirika, unafungwa. Gia mwenyewe ndiye aliyewahi kuniambia. Basi nikaitafuta anwani ya kampuni yenye mchezo wa zamani, nikaandika malalamiko kwa msaada wa tafsiri ya simu. Nikawaeleza kuna mtu anacheza na mali yao. Nikaweka na kiungo.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja ukurasa ukawa mweupe, na maandishi makavu ya kisheria katikati.

Kiwandani kukawa kama kumefiwa. Gia alikaa juu ya ndoo ya wino, kichwa mikononi.

"Mtu ana roho gani, Bosi? Mtu anagawa furaha bure, wewe unakwenda kumsemea?"

"Ndiyo dunia," nikasema, nikaendelea kupaka gundi.

Niseme ukweli, na mimi nilimkosa Sufukobe. Lakini kisasi nacho ni chakula, na nilikuwa na njaa.

Nyumbani Mpole hakula. Alizungusha tonge mpaka likapoa. Nilidhani anamsikitikia dada yake.

Wifi akaniuliza mezani, polepole, "Ni wewe uliyewaandikia?"

"Ni mimi. Na nitaandika tena."

"Hujui ulichofanya."

"Najua nitakachofanya. Kesho uhame."

Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe? Unasemaje?"

Mpole akasafisha koo. "Dada... labda ukipata mahali pengine kwa muda..."

Wifi alicheka kicheko kifupi kisicho na meno. Akainuka.

Siku ya kuhama nilimtolea mabegi mpaka getini kwa mikono yangu mwenyewe, kwa furaha, kama mtu anayetoa taka, nikayabwaga kwenye tope. Alibeba kila kitu isipokuwa kompyuta.

"Mbona unaacha mtambo wako? Au unataka kisingizio cha kurudi?"

"Ule una mwenyewe," akasema, akaondoka.

Nilidhani ni kejeli. Yule mwanamke kejeli haimwishi hata msibani.

Basi nyumba ikatulia. Hakuna wa kuonja chumvi. Hakuna wa kujibizana. Ajabu ni kwamba kelele zangu nazo zilikosa pa kwenda, zikaanza kunirudia kifuani.

Jumapili moja asubuhi tulikuwa tumekaa kitandani, mimi na Mpole, jua liko kwenye pazia. Nikamwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Nilimwambia kazini nikikaribia watu wakicheka, wananyamaza. Nilimwambia dada yangu siku hizi hapokei simu zangu. Nikalia.

"Naogopa nitazeeka peke yangu," nikasema. "Nimewakimbiza wote."

Mpole alinipapasa mgongo. Alinipapasa tu, taratibu, mpaka nikaacha kulia. Nikajisemea, kweli wanawake wenzangu hawakukosea, huyu ni malaika.

Wiki haikupita, Gia akaingia kiwandani anaimba.

"Umerudi! Mfugaji karudi! Sasa hauko ukurasani, watu wanarushiana mkononi, simu kwa simu. Na kuna toleo jipya, Bosi. Jipya kabisa!"

Moyo ukanilipuka. Wifi, nikawaza. Wifi hakukoma.

Wenzangu wakamzunguka Gia. Alikuwa amefika jikoni, mbele ya nyigu. Amejiandaa vizuri safari hii, anapiga na anapatia.

"Mtazameni, mtazameni, anaishiwa nguvu! Eh! Jamani, sasa analia! Hii haikuwepo zamani!"

Nikasogea. Nyigu mwenye aproni yangu amepiga magoti kwenye kigae kilichopasuka. Machozi ya vidoti vya buluu. Na maneno yakajiandika chini, herufi moja moja, na Gia akayasoma kwa sauti ya kubana pua:

"Naogopa nitazeeka peke yangu. Nimewakimbiza wote."

Watu wakavunjika mbavu.

Chini ya hapo mchezo ukatoa dokezo: *Usilihurumie. Sasa ndio wakati. Piga.*

Gia akapiga.

Sikumbuki nilivyovua aproni ya kazi. Nakumbuka njiani nilikuwa nahesabu watu waliokuwemo chumbani ile Jumapili, na kila nilipohesabu nilipata wawili.

Mimi. Na mkono ulionipapasa mgongo.

Nilikuta mlango wa chumba cha wifi umeegeshwa. Feni za kompyuta zinavuma. Mpole amekaa, sare ya kazi bado mwilini, miguu peku. Kwenye skrini nyigu wangu mkubwa kama sinia, naye anampaka rangi machozi, kidoti kwa kidoti, kwa uangalifu wa mtu anayemtoa mtoto mwiba.

Hakushtuka. Hakufunga.

"Ni wewe," nikasema.

"Nilitaka kukwambia."

"Ulitaka lini? Nilipokuwa namtupia dada yako mabegi? Ulikuwa umesimama palepale!"

"Dada alinifundisha kuchora tu. Mchezo ni wangu." Akasema *wangu* kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Ilikuwa na mfupa. "Niliona nyumba nyingi kwenye kazi yangu. Mageti, mbwa, sufuria, mabomba. Nikaziweka zote. Na hii yetu nikaiweka."

"Ukaniweka mimi."

"Nikakuweka."

"Hujawahi kunijibu hata siku moja. Nikipiga kelele unaniambia pole."

"Kukujibu wewe?" Akatabasamu kidogo. "Nani anakuweza? Pale ndipo mahali pekee ninapokushinda."

Nilishika ukingo wa meza. "Na machozi yangu?"

Akafikiri. Kweli alifikiri, kama fundi aliyeulizwa kwa nini katumia msumari huu na si ule.

"Dubwana lilikuwa halina mwisho mzuri," akasema. "Nilikuwa natafuta mwisho. Halafu ukanipa." Akanigeukia, macho yanang'aa. "Ungejua watu wanavyolipenda! Ndilo linalopendwa kuliko yote."

"Wanapenda kulipiga."

"Kupendwa ni kupendwa."

Yeye alidhani ananipa zawadi. Hapo ndipo nilipoogopa. Si hasira, nasema niliogopa. Nimelala miaka na mtu, namfokea ukutani, nadhani ukuta hausikii. Kumbe ukuta ulikuwa unaandika.

Sikuvunja kompyuta. Najua mnasubiri nivunje. Niliingia chumbani, nikafungasha, nikatoka. Aliniita mara moja tu, kwa ile sauti yake ya siku zote: "Mke wangu, umechoka."

Nilikwenda kwa wifi.

Alikuwa amepanga chumba juu ya duka la vifaa vya umeme. Alifungua mlango kiasi cha uso wake tu kupita.

"Umejua," akasema.

"Nimejua. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilimsihi alitoe lile dude mpaka nikamlilia. Nilimwambia, kama mkeo amekukera, mkabili mkeo. Akaniahidi. Kila siku kesho."

"Ungeniambia mimi!"

"Nimemlea kwa mgongo huu. Nikusimamie wewe dhidi yake? Wewe uliyenikatia intaneti?"

Nikaweka sanduku langu chini.

"Wifi," nikasema, "nisamehe."

"Bado." Hakulainika. "Chumvi yako ni mbaya, mdomo wako ni mbaya, na mabegi yangu uliyatupa kwenye tope. Sikupendi, na ulijua sikupendi, kwa sababu nilikwambia mwenyewe, jikoni kwako, uso kwa uso."

Akafunga mlango.

Nilisimama pale ngazini na sanduku langu. Baadaye kidogo mlango ukafunguka tena. Hakutoa uso, alitoa mkono tu, na kiti cha plastiki.

"Kaa. Usinisimamie mlangoni kama mdai. Chai inachemka."

Tulikunywa chai ile yeye ndani, mimi nje. Haikuwa na sukari. Nadhani alifanya makusudi.

Leo nakaa peke yangu, meza yangu ya gundi iko palepale, na mchezo bado unarushwa mkononi. Gia bado anausifu. Anasema aliyeutengeneza lazima ana moyo mkubwa, maana anatujua watu ndani nje. Simbishii. Kujua watu anajua.

Ila ninyi mnaosoma nawaachia hili. Anayekununia usoni, anayekwambia mchuzi wako mbovu, mwekee akiba ya heshima. Silaha zake umeziona. Mchunguze yule asiyekujibu kamwe. Si kila aliyenyamaza amekusamehe. Wengine wamenyamaza ili mkono usitetemeke wanapokuchora.